Kalkilatere imeungua: nani analipa?

Wandugu wa mina, na wamama wenye kutunza mushahara ku nyumba, leo tunaongea juu ya jambo lenye kuonekana dogo. Mu garaji za mina na za wenye sutretansi, sudere anatumwa kufunga ufa ku shasi ya kamyo. Anasude dakika makumi mbili, chuma kinashika vizuri, anakusanya bageti zake. Kesho asubui shofere anazungusha ufunguo, motere hailamuki. Taa zote za tablo zinawaka, ao hakuna hata moja. Fundi wa elektroniki anakuja na ordinatere yake, anachomeka, anaangalia, anasema kalkilatere imeungua. Hapo wakubwa hawaulize imeungua namna gani. Wanauliza nani alisude.

Na pale njo mushahara unaanza kukatwa.

Kalkilatere ni kile kisanduku kinachoamuru motere. Kinapokea habari za joto, za mafuta, za mwendo, na kinaamua mazuti ngapi iingie mu kila silinda na saa gani. Kamyo ya leo haina kimoja tu: kuko cha motere, kuko cha bwate ya vitesi, kuko cha freni, na vyote vinaongea pamoja kupitia nyaya nyembamba. Kwa mashini kubwa, bei ya kimoja inapita mushahara wa sudere wa miezi mingi. Ndiyo sababu siye mu sindika tunaichukua kama habari ya mushahara, hapana habari ya mafundi peke yao.

Tuchukue mufano wa mwenzetu mumoja, hatutaji jina lake wala kampuni yake. Alikuwa posti ya usiku. Kamyo moja ilirudi na suporo ya tanki ya mazuti imepasuka. Shefu alimwambia afanye mbio, kamyo irudie mu shimo mbele ya saa kumi na moja ya asubui. Tanki ilitolewa, sehemu ikasafishwa, hapo walifanya vizuri. Lakini kebo ya masi ya mashini ya sudire ilikuwa fupi. Akafunga pensi ya masi ku pare-shoki ya mbele, akasude huku nyuma, karibu metre tano mbali. Batri ilibaki imefungwa. Asubui motere ilikataa. Mwisho wa mwezi mwenzetu alipewa karatasi ya kusaini, kwamba anakubali kulipa kidogo kidogo. Akasaini, juu aliogopa kufukuzwa.

Hatusemi kama sudere hakuwa na kosa lolote. Kuweka masi mbali vile, hata mwanafunzi wa kwanza hafai kufanya. Lakini tulipouliza, tulikuta usiku ule hapakuwa elektrisye hata mumoja, kebo fupi ilikuwa imeandikwa mu kitabu cha maombi tangu siku nyingi, na hakuna karatasi yoyote ku ukuta yenye kuonyesha namna ya kusude ku gari yenye elektroniki. Karatasi ilikuwa mu kitabu cha mashini, mu biro, mu Kiingereza, na biro inafungwa saa kumi.

Sasa tueleze namna kile kisanduku kinaungua, juu wengi wanafikiri ni joto. Hapana. Unaweza kusude ku bene ya nyuma na kuunguza kisanduku cha mbele chenye hakijasikia joto hata kidogo. Kinachounguza ni umeme wenye kupotea njia.

Umeme wa sudire unatoka mu mashini, unapita mu bageti, unaingia mu chuma, na lazima urudie mu mashini kupitia pensi ya masi. Bageti ya milimetre 3,2 inavuta karibu ampere 90 mupaka 130. Kama pensi iko karibu na fasi unayosude, umeme unakata kipande kifupi cha chuma na unarudia. Kama pensi iko mbali, unatafuta njia zote zenye ziko: shasi, lakini pia kamba ya masi ya motere, kebo ya batri, waya mwembamba wa masi ya kalkilatere, na rulma za magurudumu. Umeme hauchague njia moja. Unajigawanya. Na kipande kidogo cha ampere 100 kikipita mu waya wenye fizibu ya ampere 5 ao 10, muliona wenyewe nini kinafuata.

Kuko na jambo la volti. Kamyo kubwa inatumika na volti 24, gari ndogo 12. Kaptere nyingi zenye kupeleka habari ku kalkilatere zinatumika na volti 5 tu. Mashini ya sudire, mbele bageti haijagusa chuma, inaweza kuwa na volti 60 ao 80. Na kila mara unapogusa na kuachilia bageti, volti inaruka juu kwa kitambo kifupi sana. Kwa taa ya mbele, kitambo kile si kitu. Kwa viungo vidogo vya mu kalkilatere, na kwa diode za alternatere, kinatosha.

Tena mabaya mengine hayaonekani siku ile. Kiungo kinaweza kulegea bila kufa, kamyo inafanya kazi majuma mawili ao matatu, kiisha inaanza kuzimika mu kilima bila sababu. Rulma vilevile. Umeme ukipita kati ya mabilia na njia yake, unaacha alama ndogo ndogo za kuungua. Rulma inaanza kulia siku nyingine kabisa, na hakuna mutu anayekumbuka kama pale palisudiwa. Wenye kufanya kazi ku peli wanajua bei ya rulma kubwa ya kuzungusha turele. Ukisude kijiko cha peli na masi iko ku shenii, umeme wote unapita pale.

Wazee wetu wa Gécamines wanacheka wakisikia maneno haya. Wanasema walisude mashini miaka na miaka bila kufungua batri, na hakuna kilichokufa. Wako na haki. Motere za wakati ule zilikuwa na pompi ya mazuti ya mekanike tupu: hakuna kalkilatere, hakuna kaptere, hata batri ikitolewa motere yenye imelamuka inaendelea kutembea. Walifundisha vijana sawa vile walivyojifunza. Lakini mashini imebadilika chini ya mikono yetu na mafundisho hayakubadilika. Hii kazi ya kubadilisha mafundisho ni ya mwenye mashini, si ya muzee mwenye pansio.

Basi, namna ya kufanya. Tunaandika sawa tunavyoelezana mu mikutano, na kitabu cha mashini yako kikisema zaidi, fuata kitabu.

Zima motere, toa ufunguo, kiisha ngojea kidogo mbele ya kukata umeme. Kalkilatere ingali inaandika habari zake, na ku kamyo zenye AdBlue pompi inaendelea kurudisha maji yake mu tanki. Ni dakika chache, kitabu kinasema ngapi. Halafu fungua batri: kebo ya kutoa (−) kwanza, ya kuongeza (+) nyuma. Vifunike na kitambaa kikavu ao mupira, visigusane na chuma. Wengi wanazungusha kupe-sirkwi tu na wanasema imetosha. Haitoshi kila mara. Ku mashini nyingine kupe-sirkwi inakata upande mumoja tu, na masi ya kalkilatere inabaki imefungwa ku shasi sawa mbele.

Ndiyo sababu watengenezaji wa motere kama Caterpillar na Cummins wanaomba tena kuchomoa fishi za kalkilatere yenyewe. Hapa ni kazi ya elektrisye. Fishi ya kalkilatere iko na misumari myembamba makumi kwa makumi, ukivuta na tournevis unazikunja, na utakuwa umeharibu kile ulichotaka kuokoa. Ikichomolewa, ifunikwe na plastiki safi, juu vumbi la mina linaingia popote.

Sasa masi. Hili njo jambo kubwa kupita yote, na halilipishe kitu. Pensi ya masi iwekwe ku kipande kilekile unachosude, karibu sana. Vitabu vya Cummins vinasema isipite metre 0,61 kutoka fasi ya sudire. Siye tunasema kwa kipimo cha mukono: kutoka bega mupaka vidole. Unasude kijiko? Masi ku kijiko. Unasude bene? Masi ku bene, hapana ku shasi, juu kati ya bene na shasi kuko misumari mikubwa na vérin, na umeme utapita mule. Kusiwe rulma, kusiwe kiungo chenye kuzunguka, kusiwe vérin kati ya masi na bageti. Paruza rangi, kutu na udongo mupaka chuma king'ae. Pensi yenye inashika rangi haishike kitu, na umeme utajitafutia njia ingine. Wala usifunge masi ku msumari wenye nyaya za gari zimefungwa pale. Unaonekana muzuri juu uko safi, lakini ni mulango wa kuingia moja kwa moja mu kalkilatere.

Kebo za sudire zisilale juu ya bunda la nyaya za gari, wala usizizungushe ku shasi. Umeme mukubwa wenye kupita pembeni ya waya mwembamba unaamsha umeme mu ule waya bila kugusana. Na cheche zinatoboa plastiki ya nyaya. Funika na blanketi ya kuzuia moto.

Batri ikiwa karibu, itolewe kabisa. Batri yenye imetoka kupokea umeme inatoa hidrojeni, na asilimia 4 tu ya ile gazi mu hewa inatosha kushika moto. Tuko na wenzetu wenye alama ya asidi ku uso, hatuna lazima ya kuongeza maneno.

Kazi ikiisha, rudisha kwa kinyume: fishi za kalkilatere kwanza na ufunguo umetolewa, halafu kebo ya kuongeza, mwisho kebo ya kutoa. Mbele ya kurudisha batri, elektrisye anaweza kupima nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zenye visanduku vinaongelea. Kwa kawaida kati yao anakuta karibu ohm 60. Akikuta kitu kingine mbali sana, bora kujua pale pale kuliko kujua kesho mu shimo.

Kuko wauzaji wenye kuleta kisanduku kidogo cha kufunga ku batri, wanasema ukiwa nacho hakuna haja ya kufungua kitu. Kinasaidia kushusha volti yenye kuruka, hilo ni kweli. Lakini hakizuie ampere kupita mu waya mubaya kama masi iko mbali. Wakubwa wamoja wanakipenda juu kinaokoa nusu saa. Siye hatukipendi kama ruhusa ya kuacha mengine.

Hapa tunatoka njiani kidogo, juu ni uhai wa watu. Usisude wala usipashe moto ku janti yenye pine imewekwa juu yake. Hata ukitoa hewa. Joto linachoma kawuchu ndani, gazi zinakusanyika, na pine inapasuka, pengine kisha saa nyingi, wakati watu wamesahau. Pine ya damperi ikipasuka inaua watu wenye kusimama mbali. Pine itolewe ku janti kwanza. Mukubwa akisema hakuna wakati, kataa, na umwite delege.

Turudie mu habari yetu. Mafundisho haya yote si siri, na wasudere wengi wa Kolwezi na Likasi wanayajua, bali wakati na watu njo havipatikane. Kufungua batri, kuchomoa fishi, kuparuza chuma na kurudisha vyote, ni karibu saa moja ku mashini kubwa. Mu muchana elektrisye yuko. Mu posti ya usiku, ku kampuni nyingi za sutretansi, hayuko. Sudere amekatazwa kugusa fishi za kalkilatere, na ni haki kumukataza. Lakini anaamriwa kusude. Basi afanye nini? Akikataa, ni muvivu. Akikubali na kalkilatere ikiungua, ni mudeni. Siye tunasema mwenye kuamuru kusude bila elektrisye njo mwenye kulipa.

Kodi ya Kazi ya inchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16/10/2002, inataja makato yenye kuruhusiwa ku mushahara. Haiachie mukubwa akate sawa moyo wake unavyotaka. Wakubwa wanajitetea na neno uharibifu, wanasema mutumishi analipa alichoharibu. Sawa, lakini waonyeshe kwanza kosa lake. Walimupa kebo yenye kufika? Walimufundisha? Karatasi ya kazi ilisema batri ifunguliwe? Nani aliisaini? Maswali haya tunayauliza mbele ya wakubwa, na yakikosa jibu tunayapeleka ku Inspeksio ya Kazi. Mutu akiisha kusaini deni, kazi yetu inakuwa nguvu mara mbili. Kwa hiyo wandugu, na wamama musaidie kukumbusha: ukipewa karatasi ya deni, usisaini siku ile. Omba kopi, sema utajibu mu maandishi, tafuta delege. Barua ya kujieleza ijibiwe kila mara, hata na mistari tatu, juu wakubwa wanahesabu kunyamaza kama kukubali.

Na tena sudere ajichunge mwenyewe na kalamu. Mu karatasi ya kazi andika saa, namba ya mashini, fasi uliyosude, fasi ulipoweka masi, nani alifungua batri na nani alichomoa fishi. Kama hakuna elektrisye, andika hivyo, na jina la shefu aliyeamuru. Simu yako iko na kamera: piga picha ya pensi ya masi na ya batri yenye imefunguliwa, kama kanuni ya fasi ile inaruhusu simu. Mwenzetu mwingine aliponea hapo. Kamyo ilikufa siku mbili kisha sudire, wakataka kumuhesabia, akaonyesha picha. Walipotafuta zaidi walikuta maji yameingia mu fishi wakati wa kunawisha motere na pompi ya nguvu.

Neno moja kwa wenye magari ku nyumba. Watu wengi wa mina wanaweka akiba yao mu taksi ao mu basi ndogo ya Toyota, inatembea mu mugini ao kati ya Likasi na Lubumbashi. Ile gari njo masomo ya watoto. Ikipasuka eshapema ao suporo, shofere anaipeleka ku sudere wa pembeni ya barabara, na yule anafunga masi popote. Mwambie shofere asiondoke bila kuona mambo mawili: batri imefunguliwa, na masi iko karibu na sudire. Gari yenye erbagi inahitaji uangalifu zaidi. Toyota inaomba kungojea angalau segonde 90 kisha kufungua kebo ya kutoa, mbele ya kugusa sehemu za erbagi. Kisha kurudisha batri, radio inaweza kuomba namba ya siri na motere inaweza kutetemeka kidogo siku ya kwanza. Hilo si kuungua, usikubali kuuziwa kalkilatere juu ya lile.

Kwa mwenzetu wa pare-shoki, tumeomba mambo matatu ku kampuni yake: makato yasimame mupaka mambo yaangaliwe pamoja, kebo ndefu za masi zinunuliwe, na elektrisye awekwe mu posti ya usiku. Kebo zimekuja, za metre 15. Karatasi ya namna ya kusude imewekwa ku ukuta wa garaji, mu Kiswahili na mu Kifaransa, wasudere wenyewe walisaidia kuiandika. Juu ya elektrisye wa usiku wanajibu wangali wanahesabu. Makato ya mwezi wa kwanza hayajarudishwa, na tumeandika barua ya pili.